Mti Unaosifiwa, Fundi Asiyetajwa: Uhakiki wa Ufundi wa Ukulele ya Koa kwa Mtazamo wa Tengeru

Ikisiri

Makala haya yanahakiki ufundi wa ukulele ya kale ya Hawaii iliyotengenezwa kwa mti wa koa, kisha yanautumia uhakiki huo kupima namna ala za muziki zinavyoshughulikiwa katika tafiti za fasihi simulizi nchini Tanzania. Hoja kuu ni kwamba sifa anayopewa mti wa koa imefunika mambo matatu yaliyoifanya ukulele kuwa ala ya Hawaii: mafundi waliolowea, wapigaji waliokuwa karibu na mafundi hao, na jina la fundi lililobandikwa ndani ya ala. Hoja hii inatazamwa kutoka Tengeru, mahali penye mti wa kuchongwa, taasisi za elimu na kumbukumbu ya wahamiaji waliokuja wakaondoka. Makala yanaonyesha kwamba Tanzania, nchi ya mpingo unaotafutwa na watengenezaji wa ala duniani, ina mti mkubwa na fundi asiye na nafasi katika maandishi ya kitaaluma. Mwishoni yanapendekezwa maswali matatu ambayo mtahiniwa na mtahini wanaweza kuyauliza kila ala inapotajwa katika tasnifu.

1.0 Utangulizi

Msomaji wa tasnifu za Kiswahili zinazohusu nyimbo za ngoma, tendi au majigambo huizoea upesi sentensi ya aina moja: kwamba wimbo husika huambatana na ala kadha wa kadha. Ala hizo hutajwa kwa orodha, ngoma, zeze, filimbi, njuga, kayamba, kisha mtafiti huendelea na dhamira, wahusika na matumizi ya lugha. Ala huingia katika uchambuzi kama kipengele cha mandhari. Haielezwi ilichongwa kwa mti gani, nani aliichonga, alijifunza kwa nani, wala kwa nini unene wa ngozi au urefu wa shingo uko vile ulivyo. Matokeo yake ni kwamba mtunzi wa wimbo anapata jina au walau kabila na kijiji, mwimbaji anapata nukuu, ilhali aliyetengeneza chombo kinachobeba wimbo hana hata mstari mmoja.

Makala haya yanalikabili pengo hilo kwa kuanzia mbali. Ukulele ni ala ndogo ya nyuzi nne inayojulikana duniani kama sauti ya visiwa vya Hawaii. Imechaguliwa kwa sababu historia ya utengenezaji wake imehifadhiwa kwa uwazi ambao ala nyingi hazikuupata: siku ya kuwasili kwa mafundi wake wa kwanza inajulikana, majina yao yanajulikana, mti walioutumia unajulikana, na ala walizozitengeneza bado zipo zikiwa na lebo zao. Kwa hiyo ni kielelezo kizuri cha kujaribia swali hili: ala inakuwa mali ya mahali fulani kwa sababu gani?

Mtazamo wa uhakiki ni wa Tengeru. Tengeru iko upande wa kusini wa Mlima Meru, kando ya barabara kuu ya Arusha–Moshi, mashariki mwa jiji la Arusha. Hapa pana Ziwa Duluti, pana soko linalokusanya mazao ya mlimani, pana Taasisi ya Maendeleo ya Jamii na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Mbele kidogo kuelekea Moshi, jirani na Usa River, kipo Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira ambacho kinafundisha muziki katika ngazi ya shahada. Mahali ambapo mti, sayansi na muziki vimekaribiana kiasi hiki pana haki ya kuuliza swali la ala kwa uzito.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Uhakiki huu unaongozwa na mawazo mawili. La kwanza ni la Kopytoff (1986), aliyependekeza kwamba kitu kinaweza kuandikiwa wasifu kama mtu: kilitoka wapi, kilitengenezwa na nani, kimepita mikononi mwa akina nani, thamani yake imebadilika vipi, na kinafanywa nini kinapochakaa. La pili ni la Mulokozi (1989), ambaye katika kuainisha tanzu za fasihi simulizi alizingatia umbile na tabia ya kazi pamoja na muktadha na namna inavyowasilishwa kwa hadhira. Ikiwa namna ya uwasilishaji ni kigezo cha utanzu, basi ala ni sehemu ya ushahidi wa utanzu huo, na anayeihakiki ala hajatoka nje ya uwanja wa fasihi.

Mawazo haya mawili yanakamilishana. Mulokozi anatupa sababu ya kuitazama ala. Kopytoff anatupa maswali ya kuiuliza. Uhakiki wenyewe ni wa maktabani: unasoma umbo la ala na historia yake iliyoandikwa, si masimulizi yaliyokusanywa uwandani.

3.0 Ukulele ya Koa: Ujio, Mti na Kazi ya Mikono

3.1 Ujio

Tarehe 23 Agosti 1879 meli iitwayo Ravenscrag iliwasili Honolulu ikiwa na wahamiaji zaidi ya 400 kutoka kisiwa cha Madeira cha Ureno, waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo mafundi samani watatu: Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Wahamiaji hao walikuja na machete, gita dogo la nyuzi nne la kwao, pamoja na rajão yenye nyuzi tano. Katika muongo wa 1880 mafundi hao watatu walikuwa wamefungua karakana Honolulu, wakitengeneza ala kwa mti wa kisiwani. Umbo la machete lilibaki. Utaratibu wa kukaza nyuzi ukaikaribia rajão, ambapo uzi wa kwanza kutoka juu hauwi mzito kuliko unaoufuata. Utaratibu huo ndio unaoipa ukulele mlio wake mwepesi unaofanana na kicheko.

Jina lenyewe lina fasiri mbili. Ya kawaida inaligawa katika maneno mawili ya Kihawaii, kiroboto na kuruka, kwa kufananisha vidole vya mpigaji na mdudu huyo. Malkia Liliʻuokalani alipendelea fasiri nyingine, ya zawadi iliyokuja. Fasiri ya malkia ina uzito kwa mhakiki kwa kuwa inakiri wazi kwamba ala hii ilitoka ng'ambo, na haioni kwamba kukiri huko kunaipunguzia uhawaii wake.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hatashangazwa na safari hii. Gita dogo la Yemen liitwalo qanbus, linalochongwa kwa gogo moja na kufunikwa ngozi usoni, lilivuka bahari na kuwa gambus kwa Wamalei, gabusi kwa Wangazija, na kibangala katika Lamu na Unguja. Ala za nyuzi husafiri na mabaharia na vibarua. Kinachohitaji maelezo ni nini hutokea baada ya kutia nanga.

3.2 Mti

Koa (Acacia koa) ni mti unaoota Hawaii pekee. Kabla ya Wareno kufika, wenyeji walikuwa wakiuchonga kuwa mitumbwi, na ujuzi wa kuuchagua msituni ulikuwa sehemu ya elimu ya waunda mitumbwi. Mbao zake zina rangi kati ya asali na kahawia nyekundu, na katika baadhi ya magogo nyuzinyuzi za mti hujikunja hata uso wa ubao ukionekana kama maji yanayotikiswa na upepo. Mng'ao huo ndio unaopandisha bei ya ukulele ya kale kwa wakusanyaji.

Koa ni ndugu wa mbali wa migunga ya nyanda za Arusha, na undugu huo una kisa cha majina. Kwa muda mrefu migunga ya Afrika na koa ya Hawaii iliwekwa pamoja katika jenasi ya Acacia. Mkutano wa kimataifa wa wanabotania uliofanyika Vienna mwaka 2005, na kuthibitishwa Melbourne mwaka 2011, uliliacha jina hilo kwa kundi lenye miti ya Australia, ambamo koa imo; migunga ya Afrika ikahamishiwa Vachellia na Senegalia. Mgunga haukubadilika hata jani moja. Hata hivyo, tukio hilo linamkumbusha mhakiki kuwa jina ni hati ya umiliki, na kwamba asiyekuwapo jina linapotolewa hulipata la pili.

Wasifu wa koa una upande wa hasara pia. Ng'ombe walioletwa Hawaii katika miaka ya 1790 walizaliana porini, wakala miche ya koa, na misitu mingi ikageuka malisho. Mkulima wa Meru anayeijua mivutano ya mifugo na msitu hahitaji kufafanuliwa zaidi. Koa ya kale inayosifiwa leo ni ya kale kwa sababu magogo makubwa ya namna ile yamekuwa adimu.

3.3 Kazi ya mikono

Ukulele ya mwanzoni mwa karne ya 20 ni chombo kidogo, urefu wake ukiwa kiasi cha sentimita 53 kutoka kichwa hadi kitako. Uso, mgongo na mbavu zote ni za koa, ilhali magita mengi makubwa huwekewa uso wa mti laini zaidi. Mbao za mwili hupunguzwa kwa randa hadi unene wa milimita mbili au pungufu. Mbavu hulowekwa na kupashwa moto hadi zikubali kupinda kiunoni. Ndani, fundi hubandika vijiti vyembamba vya kuimarisha uso, vichache kadiri inavyowezekana, kwani kila kijiti kinachoongeza nguvu kinapunguza mtetemo. Nyuzi zilikuwa za utumbo wa mnyama, na vigingi vya kuzikazia vilikuwa vya mti vinavyoshikwa na msuguano tu. Katika ala nyingi za wakati huo, ukingo na duara la tundu la sauti vilipambwa kwa vipande vidogo vya mti mweupe na mweusi vilivyopangwa mshazari hata vikaonekana kama kamba iliyosokotwa.

Hapa ndipo uhakiki unapopaswa kutenganisha mti na kazi. Wakusanyaji husema kwamba sauti ya ukulele ya kale inatokana na koa iliyokomaa na kukauka kwa miaka. Kauli hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Chombo kilichopunguzwa hadi milimita mbili, chenye vijiti vichache na nyuzi zisizovuta kwa nguvu, kitatetema kwa urahisi hata kingekuwa cha mti mwingine. Ushahidi upo: kampuni ya Martin ya Pennsylvania ilianza kuuza ukulele zake za mkangazi katika muongo wa 1910, na hadi leo ala hizo za mkangazi zinahesabiwa na wapigaji miongoni mwa bora zilizowahi kutengenezwa. Koa ilikuja kuongezwa baadaye katika orodha ya kampuni hiyo. Kama ubora ungekaa katika mti pekee, mkangazi usingesimama ubavuni mwa koa.

Ushahidi wa pili unatoka Honolulu kwenyewe. Samuel Kaialiilii Kamaka, aliyejifunza kazi kwa Manuel Nunes, alianzisha karakana yake mwaka 1916, na baadaye akabuni ukulele yenye mwili wa mviringo kama nanasi, isiyo na kiuno. Familia yake inaendeleza kazi hiyo hadi leo. Karakana hiyo inajulikana pia kwa kuajiri mafundi viziwi, waliosifika kwa uwezo wa kupima unene wa ubao kwa mtetemo walioupata vidoleni. Jambo hili linasema mengi kuhusu ufundi kuliko sifa zote za mng'ao wa koa. Fundi asiyesikia sauti ya ala anaijua ala hiyo kwa ngozi ya vidole vyake, na ujuzi huo haumo ndani ya gogo. Umo katika mikono, na mikono hiyo ilifundishwa na mwingine.

3.4 Jina ndani ya tundu

Ukiangalia kupitia tundu la sauti la ukulele ya Nunes, utaona lebo ya karatasi yenye jina lake na dai kwamba yeye ndiye mvumbuzi wa ala hiyo. Dai lenyewe linabishaniwa, kwa kuwa wenzake wawili walikuwa wakifanya kazi ileile. Lakini lebo imefanya jambo moja la kudumu: imemzuia fundi asipotee. Baada ya Maonyesho ya Panama–Pasifiki yaliyofanyika San Francisco mwaka 1915, ukulele ilipendwa kote Marekani, na viwanda vya bara vikaanza kuiga. Baadhi ya mafundi wa Hawaii walijibu kwa kupiga muhuri wenye nembo ya kifalme na neno Tabu, lenye maana ya mwiko. Kwa sikio la Mswahili neno hilo linaleta maana nyingine, nayo haiko mbali na hali yao.

Mhakiki hapaswi kuipamba historia hii. Ufalme wa Hawaii ulipinduliwa mwaka 1893 na visiwa vikatwaliwa na Marekani mwaka 1898. Ukulele ilipata umaarufu wake mkubwa katika miaka ambayo wenye nchi walikuwa wamenyang'anywa mamlaka, na sehemu ya umaarufu huo ilikuwa ya kuwauzia watalii picha ya kisiwa chenye furaha. Pamoja na hayo, kitu kimoja hakikuuzwa: karakana. Kwa kuwa karakana ilibaki Honolulu na wanafunzi wakazaliwa humo, ala iliweza kuwarudia wenyewe.

4.0 Kutoka Honolulu hadi Tengeru

4.1 Wageni waliokuja wakaondoka

Tengeru nayo iliwahi kupokea wageni kwa maelfu. Kuanzia mwaka 1942 palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Poland, raia waliohamishwa kwa nguvu na Wasovieti, wakapitia Iran hadi Afrika Mashariki. Walifikia takriban 5,000, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Walikuwa na shule, kanisa, hospitali na karakana. Vita vilipokwisha wengi walihamia Uingereza, Kanada, Australia na kwingineko. Kinachotembelewa leo ni makaburi yao yaliyotunzwa, karibu 150.

Ulinganisho huu si wa kuwalaumu waliokuwa wakimbizi. Unasaidia kuondoa jibu rahisi, kwamba ala mpya huzaliwa pale tu watu wawili wa mbali wanapokutana. Madeira ilikutana na Hawaii, na Poland ilikutana na Meru, matokeo hayakufanana. Wareno wa Honolulu walimaliza mikataba ya mashambani, wakaingia mjini, wakafungua milango ya karakana barabarani, na wakapata wateja katika jamii iliyowazunguka hadi kwenye ua wa Mfalme Kalākaua, aliyetawala kuanzia 1874 hadi 1891 na kuipenda ala yao. Wapolandi wa Tengeru waliishi kambini chini ya usimamizi wa wakati wa vita, wakisubiri kwenda kwingine. Ufundi huhitaji kulowea. Anayesubiri safari hana sababu ya kumfundisha kijana wa jirani kazi ya miaka mitano.

4.2 Mringaringa na mpingo

Mti haukuwa tatizo. Katika migomba na mibuni ya Meru na Kilimanjaro unasimama mringaringa (Cordia africana), unaotoa kivuli kwa kahawa na mbao kwa seremala. Ni mti mwepesi kufanyia kazi, unaokubali tezo na patasi, na kwa muda mrefu umechongwa mizinga ya nyuki, samani na ngoma. Una sifa nyingi ambazo fundi wa Honolulu angezitafuta.

Tukishuka kutoka mlimani hadi nyanda kavu, tunaukuta mpingo (Dalbergia melanoxylon). Huu ni mti mgumu na mzito kiasi cha kuzama majini, unaokua polepole mno hata kuhitaji miaka 70 na zaidi kufikia ukubwa wa kuvunwa. Klarineti na obo za ulimwengu mzima hutengenezwa kwa mpingo, na Tanzania na Msumbiji ndizo vyanzo vyake vikuu. Watengenezaji huupenda kwa kuwa hutoboleka kwa usahihi na huvumilia unyevu wa pumzi. Juhudi za kuuhifadhi zimekuwapo karibu na Tengeru: mradi wa kuhifadhi mpingo ulioanzishwa mwaka 1996 na Sebastian Chuwa wa Kilimanjaro pamoja na James Harris wa Marekani ulistawisha miche kwa wingi katika eneo la Moshi. Huko Kilwa, misitu inayomilikiwa na vijiji ilipata hati ya kimataifa ya uvunaji endelevu mwaka 2009, hatua iliyowapa wanakijiji sehemu kubwa zaidi ya mapato ya gogo.

Mafanikio hayo ni ya kweli na hayapaswi kudharauliwa. Lakini mhakiki anayeuliza maswali ya Kopytoff ataona mahali wasifu unapokatika. Mpingo huondoka nchini ukiwa vipande vya mraba vilivyokaushwa. Ukifika Ulaya hupewa tundu, funguo za fedha na chapa ya kiwanda. Mpigaji wa klarineti akitazama ala yake atasoma jina la kampuni na jina la mji. Hatasoma Kilwa, wala jina la aliyeuchagua mti, aliyeukata bila kuupasua, na aliyejua kwa kuugonga kama una moyo uliooza. Koa ilitoka Hawaii ikiwa ukulele yenye lebo. Mpingo unatoka Tanzania ukiwa malighafi. Tofauti ya hadhi ya miti hii miwili katika muziki haielezwi na ubora wa mbao zake, kwani kwa mizani hiyo mpingo haushindwi.

4.3 Ala zetu na mafundi wake

Si kweli kwamba hatuna ufundi wa kuhakiki. Ilimba ya Wagogo ni sanduku la mti lililobandikwa ndimi za chuma, na juu ya matundu yake fundi hutandaza utando wa buibui ili kila mlio ufuatwe na mvumo. Utando huo si pambo. Ni uamuzi wa kisanaa, kwamba sauti safi peke yake ni pungufu, na unahitaji mtu anayejua utando upi hauchaniki na utandazwe kwa kiasi gani. Hukwe Zawose (1938–2003) aliipeleka ilimba na zeze katika majukwaa ya dunia, na anakumbukwa kwa sauti yake na vidole vyake. Maelezo kuhusu zilivyotengenezwa ala alizozipiga ni machache mno yakilinganishwa na sifa za upigaji wake.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na fasihi. Mulokozi katika utafiti wake wa mwaka 1986 alizichunguza tendi za Wahaya zinazoambatana na nanga. Jina la utanzu ni jina la ala. Nanga huchongwa kwa kipande kimoja cha mti kilichofukuliwa kama kihori, kisha uzi hupitishwa juu yake kwenda na kurudi. Idadi ya mapito hayo huweka mipaka ya noti alizonazo mtambaji, na kwa hiyo mipaka ya kiimbo anachoweza kukitumia katika masimulizi yake. Katika hali kama hii, mchonga nanga ameshiriki kuamua sauti ya utendi kabla mtambaji hajafungua kinywa.

5.0 Udhaifu wa Uhakiki Wetu

Kutokana na mifano hiyo, udhaifu wa aina tatu unaweza kubainishwa.

Udhaifu wa kwanza ni wa dhana ya asili. Katika maandishi yetu, ala ya asili huchukuliwa kuwa ile isiyotoka nje. Kwa kigezo hicho ukulele si ya Hawaii, kibangala si cha Waswahili, na gita lililotengenezwa na seremala wa Usa River kwa mringaringa haliwezi kamwe kuwa la Kimeru. Historia ya ukulele inaonyesha kwamba kigezo hicho hakifai. Uasilia ulipatikana ndani ya kizazi kimoja, kwa mti wa mahali, mafundi wa mahali na wapigaji wa mahali. Tasnifu inayotumia neno asili bila kueleza ni kwa maana ipi inaacha swali lake kuu bila jibu.

Udhaifu wa pili ni wa kuuabudu mti. Tunapoandika kuhusu mpingo tunaandika kwa fahari ya taifa, kwamba muziki wa dunia unategemea mti wetu. Fahari hiyo ni ya mwenye shamba, si ya fundi. Ukulele za mkangazi zinatufundisha kwamba mti mzuri ni sharti moja tu kati ya mengi. Uhakiki unaoishia kuusifu mti unaafiki, bila kukusudia, mgawanyo wa kazi unaotuacha tukiuza magogo.

Udhaifu wa tatu ni wa kutotaja majina. Inaweza kupingwa kwamba katika jamii nyingi za Kiafrika ala ni kazi ya jumuiya na kutaja fundi mmoja ni kuleta ubinafsi wa kigeni. Pingamizi hili lina uzito, lakini halithibitishwi na hali ilivyo vijijini. Wanakijiji humjua vizuri mchonga ngoma wao, humfuata kwake, humlipa, na hutofautisha kazi yake na ya mwingine. Jumuiya inamtaja, anayemwacha ni mtafiti. Kukosekana kwa jina katika tasnifu ni matokeo ya hojaji isiyouliza, na kisha ukimya huo hutafsiriwa kuwa tabia ya utamaduni.

Udhaifu huu una gharama. Fundi mzee anapofariki, rekodi za nyimbo hubaki, hata zile zilizonaswa na Hugh Tracey nchini Tanganyika mwaka 1950 bado zinasikika. Lakini kipimo cha unene wa ubao, mahali pa kuchagua mti na namna ya kukausha ngozi huzikwa naye. Kijana atakayesikiliza rekodi hiyo atajua wimbo ulivyokuwa, asijue atengeneze nini ili auimbe.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameitazama ukulele ya koa kama kazi ya ufundi na kuonyesha kwamba thamani yake haikutoka kwenye mti peke yake. Ilitoka kwenye karakana iliyodumu, ujuzi uliorithishwa kutoka kwa Nunes hadi kwa Kamaka na kutoka kwa Kamaka hadi kwa wanawe, na majina yaliyobandikwa mahali yanapoweza kusomwa. Kutoka Tengeru, mafunzo hayo yanaelekea upande wetu: tuna mringaringa, tuna mpingo, tuna ilimba, zeze na nanga, na tuna vyuo.

Kwa kuwa marekebisho yanayowezekana mapema zaidi yako mikononi mwa wanaoandika na wanaosahihisha tasnifu, inapendekezwa kwamba kila ala inapotajwa katika utafiti wa fasihi simulizi yaulizwe maswali matatu. Kwanza, ala hii ilitengenezwa na nani, na alijifunza kwa nani? Pili, imetengenezwa kwa mti na vifaa gani, na uchaguzi huo unaathiri vipi sauti na utanzu? Tatu, je, kuna anayejifunza kuitengeneza sasa? Maswali haya hayahitaji sura nzima. Kurasa tatu katika sura ya uwasilishaji wa data zinatosha. Mtahini akiyauliza mara kwa mara katika utetezi wa tasnifu, watahiniwa wataanza kuyauliza uwandani, na mchonga ngoma ambaye mtafiti alikuwa akimpita njiani akielekea kwa mwimbaji atasimamishwa, atasalimiwa, na jina lake litaandikwa.